Kisigino cha Doña Eduviges

Basi la Tobías lilikuwa limeshalipita kanisa la Playa Guapinol, linatapatapa katika matope, ndipo Doña Eduviges Matarrita alipojiona hana uso wa kumtazama mtu aliyeketi kiti cha nyuma kabisa. Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, mwisho wa Oktoba, siku ya tisa ya mvua isiyokata.

Mtu huyo alikuwa Yader Obregón, mlinzi wa kituo cha kasa. Alifungwa pingu kwenye chuma cha kiti kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Pembeni yake aliketi Sajini Ulate, polisi pekee wa kijiji, amekumbatia mfuko wa ushahidi. Gari la polisi lilikuwa gereji huko Nicoya, kwa hiyo mfungwa alisafirishwa kwa basi la abiria. Nauli alilipa mwenyewe. Sajini alisema serikali haina fungu la kubebea wezi.

Abiria wengine walikuwa watatu. Mbele kulia aliketi Annelie, mtaalamu wa kasa kutoka ng'ambo, aliyekuja kwa majuma matatu na sasa anarudi kwao, macho mekundu kwa kulia. Nyuma yake aliketi Don Ceferino Cascante, mwenyekiti wa Chama cha Wachimba Mayai, anakwenda Nicoya kutia sahihi mashtaka. Na Doña Eduviges, miaka sitini na saba, mwenye mgahawa wa kando ya kituo cha basi, alikuwa anakwenda kuonyesha goti lake kwa daktari. Don Ceferino alikuwa shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe.

Don Ceferino alikuwa ameinama, anabandua kishonanguo kwenye pindo za suruali, mbegu moja moja, na kuziangusha sakafuni.

"Don Ceferino," Tobías alipiga kelele kutoka usukani, "usinipandie shamba humu ndani. Basi lenyewe limeshaota kuvu, likiota na majani ntaanza kulichunga."

Don Ceferino aliangusha mbegu nyingine.

Mambo yalianza saa kumi na moja na dakika tano alfajiri hiyo. Doña Eduviges alikuwa ufukweni akiokota kuni zilizotupwa na mawimbi, akawaona tumbusi kama ishirini wamekusanyika mahali pamoja, kati ya nguzo ya kumi na nne na ya kumi na tano. Nguzo hizo zimesimamishwa ufuko mzima, zina namba, za kuonyesha kasa alitaga wapi. Aliwafukuza ndege kwa kanga ya kichwani. Mchanga pale ulikuwa umesawazishwa na kushindiliwa vizuri, ila matone ya ute wa yai yalikuwa yamebaki juu. Alimwita Annelie. Binti yule alipiga magoti akachimba kwa mikono mpaka begani, akatoa mchanga mtupu, mchanga mtupu, kisha utepe mdogo wa njano ulioandikwa kwa mkono wake mwenyewe. Hapo akaanza kulia.

Kumbe lilikuwa shimo la baula. Kasa wa kawaida huja Guapinol kwa maelfu, na Chama kina ruhusa ya kuchimba mayai yao siku mbili za mwanzo wa kila ujio. Lakini baula, yule kasa mkubwa kama meza ya kulia chakula, alikuwa hajapanda ufuko huo miaka kumi na moja. Alitaga Jumanne usiku. Annelie alikuwa peke yake. Hakuweka uzio wala alama, kusudi asivute wezi; alipima tu hatua kutoka nguzo, akaandika kwenye daftari, akalifungia daftari kabatini.

"Ufunguo wa kabati anao nani mwingine?" Don Ceferino aliuliza mbele ya watu waliokwisha kukusanyika.

Ulikuwa kwa Yader. Saa kumi na moja na nusu Sajini alikuwa ameshapekua kitanda chake, na chini ya godoro akakuta mayai manane ndani ya soksi. Basi, ikawa imekwisha. Watu waliokula mezani pamoja na yule kijana wa watu miaka sita walianza kusema wamejua siku zote. Wanika, hao watu wa ng'ambo ya mpaka, ndivyo walivyo, walisema. Mwanamke mmoja alimtemea mate. Doña Eduviges alisimama pale na kuni zake mkononi, hakusema neno, na hilo ndilo lililokuwa linamzuia kumtazama sasa ndani ya basi.

Saa kumi na mbili na dakika hamsini Tobías alikanyaga breki. Mto Burío ulikuwa umefura, maji ya rangi ya kahawa yanabeba matawi. Alishuka, akachomeka kijiti ukingoni, akarudi amelowa.

"Hapavukiki. Mpaka maji yakiache kikavu kile kijiti. Saa mbili, tatu hivi."

"Nina miadi na mwendesha mashtaka saa nne," alisema Sajini.

"Yaambie maji, Sajini. Labda wewe yatakuogopa."

Doña Eduviges alifungua kapu, akatoa wali wa maharage uliofungwa kwenye jani la mgomba na chupa ya maji moto ya sukari guru. Akaenda nyuma akijikokota, akamwekea Yader mapajani.

"Doña, haruhusiwi..." Sajini alianza.

"Haruhusiwi kula? Sheria hiyo imetoka lini, jana?" Akamgeukia Yader. "Mwanangu, nitazame. Umeyachukua?"

"Hapana, Doña Vige."

"Hata moja?"

"Nilimaliza kula kwako saa mbili usiku, baada ya mpira, nikalala. Mengine sijui. Hata hilo shimo mimi sijawahi kuliona." Sauti yake ilikuwa chini. "Tarehe nne Novemba nachukua kitambulisho cha ukaazi. Miaka sita nimekingoja. Wakiniandikia kesi leo, nafukuzwa nchini, na mke wangu na mtoto wako hapa. Nitayataka mayai ya nini mimi?"

"Wote husema hivyo," Don Ceferino alisema bila kugeuka.

"Shemeji, sijakuuliza wewe," alijibu Doña Eduviges, na damu ikaanza kumchemka.

Alirudi mbele, akaketi kando ya Annelie.

"Binti, uliandika hatua ngapi kutoka nguzo?"

"Hatua nane kutoka nguzo ya kumi na nne, kuelekea kaskazini. Naikumbuka bila hata daftari."

"Leo asubuhi ulipima?"

"Kupima kwa nini? Niliona utepe wangu."

Doña Eduviges alianza kuhesabu kwa vidole. Alikuwa anaiona alfajiri ile upya: yeye anatoka nguzo ya kumi na nne mbio mbio kuwafukuza tumbusi, goti linamuuma, anahesabu hatua kama anavyohesabu siku zote tangu goti liharibike, maana daktari alimwambia ahesabu. Zilikuwa ishirini. Si nane.

Kisha akakumbuka kingine, akajipiga kofi pajani kwa nguvu hata Annelie akashtuka.

"Mjinga mimi! Jana saa kumi jioni mkondo wa mvua uling'oa nguzo yako ya kumi na nne. Niliikuta imelala mchangani inataka kuchukuliwa na bahari. Nikaichomeka tena, lakini nikaisogeza kusini, penye mchanga imara. Nikasema nikifika ntakwambia. Nikafika, mgahawa umejaa watu wa mpira, nikasahau."

"Umeisogeza kiasi gani?" Annelie alikuwa amekwisha simama.

"Hatua kumi na mbili."

Sajini alisikia. Alikuja mbele, mfuko wake kwapani. "Sasa nguzo inahusu nini na wizi?"

"Keti, nikueleze polepole, maana umeamka mapema," alisema Doña Eduviges. "Wewe unasema Yader alifungua kabati, akasoma daftari, akaenda kuchimba. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Daftari linasema hatua nane kutoka nguzo ya kumi na nne. Tangu jana saa kumi jioni, mtu akipima hatua nane kutoka nguzo ile anachimba mahali pasipo na kitu. Angechimba, angekosa, angechimba tena kando, tungekuta ufuko umefukuliwa kama shamba la mihogo. Wewe uliona shimo lingine?"

Sajini alifikiri. "Sikuona."

"Shimo lilikuwa moja, juu ya mayai hasa, hatua ishirini kutoka nguzo. Huyo mtu hakusoma daftari."

"Basi alichimba kabla hujasogeza nguzo. Jana mchana."

"Jana saa nane mpaka saa kumi kasoro nilikuwa palepale na familia nzima ya watalii," Annelie alisema. "Nilikuwa nawaeleza habari za kasa. Mchanga ulikuwa mzima."

"Au alikuona Jumanne ukifukia."

Tobías alicheka kutoka mlangoni, alipokuwa anakamua shati. "Jumanne? Jumanne Yader alikuwa Nicoya kwa ajili ya makaratasi yake. Tulirudi, mto ukatukatalia hapahapa, akalala kwenye kiti hicho hicho ulichomfungia. Alikoroma mpaka nikatamani kumtupa mtoni. Tulivuka jana saa sita mchana."

"Kwa nini hukusema asubuhi?"

"Nani aliniuliza? Mlikuwa mnashangilia."

Sajini Ulate hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa njia fupi. Njia moja ilipozibwa alitafuta nyingine palepale. Akamtazama Annelie.

"Basi anayejua ni mmoja tu. Wewe. Na leo ndiyo unaondoka na mabegi."

Annelie aliinuka. Alifungua mabegi yote mawili sakafuni, akamwaga nguo zilizonuka ukungu, viatu, vitabu vilivyovimba kwa unyevu. Hapakuwa na yai. Don Ceferino alisema wanapoteza wakati, kwamba mayai ya chini ya godoro yanatosha, na kwamba kama si mlinzi basi ni majangili wa Nicoya waliompa mlinzi fungu lake.

"Majangili wa Nicoya hutafuta kwa nondo," Doña Eduviges alisema. "Wanachoma mchanga, nondo ikitoka na ute wanachimba. Wanaacha matundu kila mahali, na shimo wanaliacha wazi. Nani alilifukia shimo hili, shemeji? Nani alilishindilia?"

"Mvua."

"Mvua haina miguu. Lilishindiliwa kwa kisigino, duara kwa duara, kama tunavyofundishana sisi Chama, kasa mwingine asije akavunjika mguu humo. Tunafanya hata tukiwa tumelala. Niliona asubuhi, ila akili yangu ilikuwa kwenye kelele zenu." Akanyoosha mkono. "Sajini, nipe hayo mayai."

"Ni ushahidi."

"Siyakaangi."

Sajini aliufungua mfuko juu ya kiti. Mayai yalikuwa manane, meupe, hayalingani. Makubwa yalikuwa kama ndimu, madogo kama gololi. Doña Eduviges aliliinua moja mbele ya mwanga wa dirisha, akampa Annelie. Annelie alilitazama, na uso wake ukabadilika.

"Haya si mayai," alisema. "Yaani, hayana kiini. Baula akimaliza kutaga huweka haya madogo juu, yana maji tu ndani. Hayatotoi kitu. Ya kweli ni makubwa kama ngumi ya mtoto."

"Yanauzwa?" Sajini aliuliza.

"Nani atanunua maji?" alisema Doña Eduviges. Sasa alikuwa amesimama, na sauti yake ilifika mpaka kiti cha nyuma. "Fikiri, Sajini. Mwizi gani anaiba mayai sitini na kitu ya baula, mazuri anayaficha pengine, anakwenda kulalia matupu? Haya yaliwekwa. Na aliyeyaweka alitaka kumwangamiza mtu, lakini hakuweza kupoteza hata yai moja zima kwa kazi hiyo. Yai alilionea huruma. Mtu hakumwonea. Mtu wa namna hiyo hatoki Nicoya wala ng'ambo. Ni mmoja wetu."

Mvua ilikuwa inapiga bati la basi. Don Ceferino alikuwa ameacha kubandua kishonanguo.

"Wachimbaji tuko mia mbili na zaidi," alisema.

"Wa kasa wadogo, ndiyo. Hao shimo lao unalisikia kwa kisigino hata ukiwa umelewa, liko karibu. Baula anazika chini mara mbili ya hao, tena anavuruga mchanga uwanja mzima kuficha. Waliojifunza kumsikia ni wale waliofanya kazi kabla baula hawajapigwa marufuku. Wamekufa wote isipokuwa wawili. Mmoja ni mimi. Sajini, nifunge."

"Doña, tafadhali..."

"Basi muulize wa pili."

Don Ceferino alisimama. Alikuwa mrefu, mwenye mvi nzuri, mtu ambaye padri mwenyewe humpisha njia. "Eduviges, marehemu kaka yangu angeona haya kukusikia. Jana sikutoka nyumbani. Tangu saa kumi jioni mvua ilikuwa kali, nililala mapema. Muulizeni mke wangu."

"Nyumbani kwako pana zege mpaka barabarani. Na barabara tuliifyeka majani Jumamosi, Chama kizima, wewe ulishika filimbi. Hizo mbegu za kishonanguo umezipata kitandani?"

Watu wote waliitazama sakafu. Mbegu nyeusi zilikuwa zimetapakaa chini ya kiti chake kama majani ya chai yaliyomwagika.

"Suruali hii niliivaa juzi."

"Juzi ulivaa suruali ya kijivu, kwenye mazishi ya mama Cubero. Nilikaa nyuma yako." Doña Eduviges alichukua mwavuli. "Kishonanguo cha kiasi hicho kiko mahali pamoja, malisho yaliyoachwa hapo nyuma, njia ya kwenda mlangoni mwa mto. Ni dakika kumi kwa miguu. Tobías, kijiti kinasemaje?"

"Bado kinakunywa."

"Basi tuna wakati. Twendeni."

Walikwenda wote, saa mbili kasoro dakika tano, kwa mstari mmoja kati ya majani yaliyofika kiunoni. Yader alitembea na pingu mikononi. Walipotokea kwenye ufuko mdogo ambako mto unaingia baharini, Doña Eduviges aliinua pindo la gauni lake amwonyeshe Sajini, na halikuwa na haja ya maelezo: lilikuwa jeusi kwa mbegu.

Alivua viatu. Akampa Annelie mwavuli.

"Pumzika, Doña, una goti bovu," alisema Yader.

"Goti ni bovu. Kisigino ni kizima."

Alianzia juu ya mstari wa maji. Alitembea kwa kurudi nyuma kidogo kidogo, uzito wote kisiginoni, anageuza mguu, anasikiliza, anasogea. Ngumu. Ngumu. Uso wake ulikunjamana kila aliposimamia mguu mbovu. Alimaliza mstari wa kwanza, akaanza wa pili. Sajini alitazama saa. Kwenye mstari wa tatu, chini ya mkoko mmoja uliopinda, kisigino kilizama kiasi cha unene wa kidole, na akasimama.

"Hapa," alisema. "Chimba taratibu, binti."

Annelie alichimba mpaka mkono ukaingia wote. Kisha akatoa yai moja, jeupe, kubwa, zito, akalishika kwa mikono miwili bila kuligeuza. Mengine yalikuwa yamepangwa chini kama alivyoyapanga mama yao.

Hakuna aliyemgusa Don Ceferino. Aliketi mwenyewe juu ya gogo.

"Agosti ilikuja barua ya wizara," alisema. "Ilikuja kwangu. Inasema akionekana baula hata mmoja anataga Guapinol, ufuko wote unafungwa. Hakuna ruhusa tena. Hakuna mayai, hakuna Chama. Familia mia mbili na kumi na mbili, Eduviges. Wewe unakumbuka tulivyokula miaka ile kabla ya ruhusa. Jana alfajiri nikaona mburuzo wake mchangani, mvua haijaufuta wote. Nikajua ndiyo mwisho wetu."

"Ukangoja mpira."

"Saa kumi na mbili jioni kijiji kizima kilikuwa kwako, mbele ya televisheni. Nililisikia shimo, nikayahamisha. Sikuvunja hata moja, labda mawili. Nilitaka baula asiwepo, basi. Kisha nikafikiri, yule binti akiuliza mayai yako wapi, lazima pawepo na mwizi, nikatia yale matupu chini ya godoro la mlinzi naye yuko kwako."

"Akawa yeye."

"Yeye ana kwao," alisema Don Ceferino. "Akifukuzwa atarudi kwao. Sisi tutakwenda wapi?"

Hapo ndipo Doña Eduviges alipopandwa na hasira hata akasahau kuvaa viatu.

"Ana kwao! Ulipomtaka akuezekee nyumba mwezi wa saba, kwao kulikuwa wapi? Alipobeba jeneza la kaka yako kwa sababu wapwa zako walikuwa walevi, alikuwa wa wapi siku hiyo? Barua umeiweka mfukoni miezi miwili. Hukutuita. Hukutuuliza. Tungekwenda Nicoya wote mia mbili na kumi na mbili, tukakaa mlangoni mwa wizara na sufuria zetu, tukasema baula alindwe na sisi tuishi. Labda tungeshindwa. Lakini tungeshindwa kwa kusema kweli. Wewe uliona ni rahisi zaidi kuchukua mtu asiye na ndugu wa kumtetea, ukamtia mdomoni mwa polisi. Tena yai ukalibeba kwa mikono miwili! Mtu ukamtupa!"

"Niliwafanyia ninyi."

"Usinitie mimi humo. Sikukutuma." Akamgeukia Sajini. "Na wewe. Nusu saa. Ulihitaji nusu saa kumfunga. Angekuwa mwanangu ungeuliza hata swali moja?"

Sajini Ulate alipekua mfuko wa suruali. Alitoa ufunguo, akauingiza kwenye pingu za Yader. Haukugeuka. Mvua ya siku tisa ilikuwa imezitia kutu. Alisukuma, akapinda, akatukana chini chini, na kwa dakika nzima mtu asiye na kosa alisimama mikono imefungwa mbele ya mwenye kosa aliyeketi huru kwenye gogo.

"Ngoja," alisema Tobías. "Nina mafuta ya injini kwenye basi."

Yader alimtazama Don Ceferino. Wote walidhani atatukana.

"Bati la jikoni kwako, Don Ceferino," alisema, "niliacha tundu moja bila msumari. Nilikuwa nije Jumapili kumalizia. Tafuta mtu mwingine."

Saa nne na robo kijiti cha Tobías kilikauka, basi likavuka. Annelie hakuvuka nalo. Alibaki pale mlangoni mwa mto na mayai.

Don Ceferino alitia sahihi karatasi nyingine badala ya ile aliyokwenda kutia. Alihukumiwa kifungo cha miaka miwili cha nje kwa sababu ya umri, akaondolewa kwenye Chama. Anaishi nyumba ileile. Wengine humwamkia, wengine hawamwamkii.

Sajini Ulate alihamishiwa kituo cha milimani mwezi Januari. Hakuomba radhi.

Wizara ilifunga nusu ya ufuko, upande wa kaskazini, baada ya watu wa Guapinol kukaa mlangoni kwake siku nne na sufuria zao. Nusu ya kusini bado wanachimba.

Mayai ya baula yalikuwa sitini na sita. Kwa kuwa yalihamishwa yamechelewa, yaliyoanguliwa ni kumi na tisa, tarehe ishirini na tisa Desemba. Annelie, aliyebadilisha tiketi mara mbili, aliyaona, akaondoka wiki iliyofuata.

Yader alifunguliwa siku ileile, lakini jina lake lilikuwa limeshaandikwa kwenye kitabu cha watuhumiwa, na ilichukua miezi mitano kulifuta. Alipata kitambulisho mwezi Aprili. Mwezi Mei alihamia pwani ya upande wa pili pamoja na mke na mtoto. Mwanamke aliyemtemea mate alimpelekea kuku wa safari. Yader alimwacha kuku huyo juu ya ua.

Doña Eduviges alionana na daktari wa goti wiki tatu baadaye. Aliambiwa asitembee mchangani. Nguzo ya kumi na nne aliirudisha mwenyewe mahali pake, hatua kumi na mbili.